Jibu Ulilompa Baba Yako Mkubwa

Adela mwanangu,

Salamu naziruka. Kesho asubuhi pale kituoni utasalimiwa mpaka uchoke. Mama yako atalia, shangazi zako watalia kwa kumfuatisha mama yako, na hakutakuwa na nafasi ya mtu kusema jambo la maana. Ndiyo maana nakuandikia sasa hivi, wakati wewe na mama yako mmekwenda kumuaga bibi. Jua bado liko juu ya paa la jiko. Nimewafukuza kuku, nimefunga mlango, na jirani nimemwambia naumwa kichwa ili asije na hadithi zake.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutokaa mbele na dereva, ya kutosahau kusali, hayo yote mama yako ameshayasema na atayasema tena. Mimi sina la kuongeza huko. Mimi nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumapili, na kama umeniona nikimgombeza mbuzi asiye na kosa, sababu ndiyo hiyo. Nataka uijue hasira yenyewe kabla hujaondoka, maana usipoijua utakaa huko Kasulu ukidhani baba yako ni mzee mkali tu.

Jumapili baba yako mkubwa alikuja. Alikaa kwenye kiti changu kama kawaida yake, akapewa togwa, akakohoa. Wewe ukapiga magoti mbele yake, macho chini, ukampigia makofi ya heshima, polepole, jinsi tulivyokufundisha tangu hujaota meno ya pili. Akaanza salamu. Mwakeye, mwanangu. Shamba je? Nyumbani je? Chuo kinakungoja, Mungu ashukuriwe. Kisha, bila hata kubadilisha sauti, akasema yule bwana shamba Filibati ameuliza habari zako, ni kijana safi, ukoo wake yeye anaujua, wazee wao watakuja mwezi ujao kuleta pombe ya posa, harusi iwe baada ya Pasaka, na hayo ya chuo mume ndiye atakayeangalia. Na wewe, mikono bado ikipiga makofi yale yale ya salamu, ukasema, "Ego, baba mkubwa."

Ego! Ndiyo! Hapo hapo! Mtu ameulizwa habari za maisha yake yote, anajibu kwa pumzi ile ile aliyojibia habari za shamba!

Alipoondoka nikakufuata jikoni. Nikakuuliza, "Umekubali kweli, au umeitikia tu?" Ukaendelea kuchagua maharage. Ukasema, "Ningesemaje, baba?" Mimi nikapiga teke kigoda, nikatoka, na sikurudi mpaka chakula kilipopoa. Najua ulidhani nimekukasirikia wewe. Ni kweli, nilikukasirikia, sitakudanganya. Lakini ulichonichoma nacho ni yale maneno. Ningesemaje. Maneno hayo si yako, Adela. Niliyasema mimi kabla yako, kwa mama yako, katika nyumba yetu ya zamani kule mlimani, na yalimharibia mtu maisha.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Usiwe na haraka.

Unajua nilikwenda manamba. Waha wa rika langu tulikwenda wote, ndiyo ilikuwa njia ya kupata baiskeli na kuonekana mtu. Kule kwenye mkonge, Tanga, jioni hakuna la kufanya ila kulala au kucheza bao, nami sikuwa mlalaji. Kulikuwa na karani mmoja, mtu wa pwani, fundi wa bao, akanifundisha. Akaniambia, "Wewe Anatori, cheza hili kila siku, akili yako itakuwa kali, hakuna jambo litakalokushinda kuamua." Nikamwamini. Basi nikacheza kila siku ya Mungu. Baada ya muda nikamfunga yeye mwenyewe, nikawafunga manyapara, nikawafunga watu wa kambi nyingine waliotembea kwa miguu kuja kunijaribu. Nilikuwa naona kete zitakavyozunguka hata kabla mwenzangu hajanyoosha mkono.

Nilirudi nyumbani na baiskeli, mablanketi mawili, na kichwa kimevimba. Wallahi kilivimba. Hapa pia nikawafunga wote. Watu wakaanza kuja kuniuliza ushauri wa mambo yao, eti kwa sababu nashinda bao! Huyu anataka kuhama, nimwambie ahame au asihame. Huyu amegombana na mkewe. Nami nikawa natoa majibu, kidole juu, kama vile nina akili. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kujua bao na kujua mambo ya watu ni kitu kimoja. Mimi ndiye wa kwanza kutouliza.

Sasa sikia ujinga wenyewe. Kwenye bao nilikuwa mtu wa kukaa. Niliweza kuinama juu ya lile gogo mpaka wenzangu wakaondoka wakaenda kuchota maji wakarudi, nami bado natafuta pa kuanzia. Walinitukana, walinirushia maganda ya karanga, sikujali. Kwa kete, mwanangu. Kwa mbegu kavu za porini ambazo hata mbuzi hazili.

Lakini siku baba yako mkubwa alipokuja kuniomba dada yako Leokadia, sikukaa hata muda wa kumeza mate.

Dada yako alikuwa na akili kuliko wewe, usinune, mwenyewe unajua. Jina lake lilikuwa limetoka la kwenda kuendelea na masomo. Karatasi ililetwa na mwalimu wake kwa mkono wake mwenyewe, akanipa mkono, akanipongeza kana kwamba mtihani niliufanya mimi. Karatasi ile ilikuwa mezani, juu yake kumewekwa sahani ili upepo usiichukue. Kaka akaja. Nikamwamkia kwa makofi, kama inavyotakiwa, yeye mkubwa mimi mdogo. Akaniambia kuna rafiki yake wa Kasanda, mtu aliyemsaidia sana zamani, ana kijana wa kuoa, naye ameshamtajia binti yangu mkubwa. Nami mikono ikiwa bado inapiga, nikasema, "Ego, kaka."

Sikumwambia habari za karatasi. Ilikuwa hapo, ningenyoosha mkono tu ningeigusa! Baada ya kusema ego niliona aibu kuitaja, maana ingeonekana kama nageuza neno. Akanywa, akashukuru, akaenda zake. Mama yako alikuwa mlangoni amebeba kuni, amesikia yote. Akaniambia, "Umejibu kabla hajamaliza kuuliza." Nikamwambia, "Ningesemaje? Ni kaka yangu." Akatua zile kuni, akaingia ndani, akaitoa ile sahani juu ya karatasi akaenda kuiosha, na ilikuwa safi.

Mume wa Leokadia si mnyama. Anakunywa, analima kidogo, anasahau. Dada yako ana watoto wanne na mgongo wa mama mzee. Umemwona akija hapa. Umeona anavyonisalimia. Anapiga magoti hadi chini kabisa, anapiga makofi yote, hakuna hata moja linalopungua, ananiuliza afya, ananiuliza mizinga ya nyuki, ananiuliza mvua. Kisha anakwenda kwa mama yenu jikoni, na huko nasikia kicheko. Akirudi kuaga ni magoti tena na makofi tena. Tangu aolewe hajawahi kuniambia neno ambalo hangemwambia mzee yeyote anayepita njiani. Siku moja nilimtuma mama yako amuulize kama ana kinyongo na mimi. Akajibu, "Mwambie baba sina neno naye." Mama yako alidhani ni habari njema.

Potelea mbali lile bao! Nililichukua siku hiyo nikataka kulipasua kuni. Sikulipasua, kwa sababu mimi ni mwoga, nikaliweka kuku watagie.

Akili inaweza kufundishwa, Adela, sikatai. Ila inajifunza kile kile unachoifundisha. Mimi niliifundisha kuhesabu kete, ikahesabu kete vizuri sana. Kwenye bao kila kitu kiko mbele yako, hakuna mchezaji aliyeficha kete mfukoni. Na mwenzako hakuiti mdogo wake wala hakutazami kwa macho ya marehemu baba yenu. Kule sikuwahi kuifundisha kitu kilichonishinda mbele ya kaka, yaani kunyamaza kidogo. Kunyamaza tu! Ng'ombe anaweza.

Baadaye tukahamishiwa huku chini kijijini, na kikaja kisomo cha watu wazima. Ulikuwa mdogo, lakini unakumbuka ulivyonicheka nikibeba daftari. Mwalimu wetu alikuwa Konsolata, mke wa dresa wa zahanati, mama mnene asiye na utani. Mimi nilikuwa naandika, nikiona nimekosea nafuta. Nafuta, naandika, nafuta. Daftari langu likawa na matundu. Siku moja alikuja akasimama juu ya kichwa changu, akaninyang'anya raba mbele ya watu wote. "Mzee Anatori," akasema, "ukifuta kila kosa utajuaje kwamba ulikosea? Acha likae hapo ulitazame." Akanipa kalamu ya wino. Nikakasirika, mtu mzima kunyang'anywa kitu na mwanamke wa umri wa mdogo wangu. Njiani nikawa nalisema lile neno kwa kumkejeli. Nilipofika nyumbani kejeli ilikuwa imekwisha.

Nikaanza hivi. Kila jambo ninalotaka kuamua, dogo tu, kwanza naliandika kwa wino. Nimeamua nini, kwa nini, na nadhani itakuwaje. Kisha naliacha. Likishatokea narudi kusoma. Hakuna kufuta. Nilianza na mizinga, kwa sababu mizinga haina kaka mkubwa. Niliandika: "Nimetundika mitatu kwenye miti ya karibu na kijito. Sababu, nyuki watapenda maji. Nadhani yote itaingia nyuki kabla ya masika." Masika ikaja, haukuingia hata mmoja. Nikaandika tena, nikakosea tena. Nilikuwa nasoma yale maneno yangu nikitaka kujipiga makofi, maana bila daftari ningeapa kwamba nilijua toka mwanzo. Ningesema, aa, mimi nilihisi. Muongo mkubwa! Wino uko hapo unasema hukuhisi kitu.

Ndipo siku moja nikasoma kurasa zote kwa pamoja nikaona kitu. Kila mahali nilipoandika "nyuki watapenda hapa", palikuwa mahali pa karibu na njia, hakuna kilima. Nyuki hawakuwa na habari. Yaliyokuwa yanapapenda ni magoti yangu. Nilikuwa naamua kwa magoti, halafu kichwa kinatafuta sababu nzuri ya kuandika. Nilicheka peke yangu mle porini, kisha nikaacha kucheka, nikamkumbuka Leokadia. Siku ile pia niliamua kwa kitu kingine, kisha nikakiita heshima.

Basi nikajifunza kuuliza swali moja kabla ya kutia wino. Nani anapenda hapa? Siulizi jambo ni zuri au baya, hilo huwa najijibu uongo haraka sana. Nauliza nani ndani yangu anayelitaka. Tumbo? Magoti? Yule mdogo wa kaka yake anayeogopa kutazamwa? Wakati mwingine ni mimi kweli, mzima mzima. Si mara nyingi.

Na nikajifunza kusema maneno matano. Utanicheka. Nilikwenda porini, nikasimama mbele ya mti, nikapiga makofi ya heshima, nikasema, "Nimesikia kaka, nipe mpaka Jumapili." Kisha tena. Na tena. Mdomo haukutaka, ulikuwa unarukia ego wenyewe kila makofi yakianza. Yule jirani yetu wa hadithi nyingi alinikuta siku moja nikiuamkia mti, akaenda kutangaza kwamba nimerukwa na akili. Ndiyo ule uvumi uliousikia, ukarudi nyumbani unalia.

Mara ya kwanza kuyatumia kwa mtu ilikuwa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Alikuja kutaka niwe msimamizi wa mizinga ya kijiji. Nikaamkia, moyo unanidunda kana kwamba nimeiba, nikasema, "Nimesikia ndugu mjumbe, nipe mpaka Ijumaa." Nikangoja aniite mtovu wa adabu. Akasema, "Haya." Akavaa kofia akaenda.

Haya! Ndiyo hiyo tu! Jambo nililoliogopa toka nimezaliwa, lililonifanya nimtupe mwanangu kama ganda la ndizi, jibu lake lilikuwa haya! Nilikaa chini pale uani nikalia kwa hasira, na mama yako akadhani nimeondolewa kwenye ushirika.

Sasa unaona kwa nini nimeandika mpaka mkono unauma. Ningekuwa mzee mwenye akili, barua ingeishia hapa, nikakuachia mafundisho yangu, nikajisifu. Lakini kuna jambo la Jumapili sijakuambia, na ndilo linaloninyima usingizi. Wewe ulikuwa umeinama, hukuona nyuma. Uliposema "ego, baba mkubwa," ulisikia makofi mengine yakiunga. Ulidhani ni ya nani? Mama yako alikuwa kisimani. Yalikuwa yangu, Adela. Baada ya daftari zote zile, na miti yote niliyoiamkia, kaka alikohoa tu mara moja na mikono yangu ikaenda yenyewe. Niliitazama ikipiga. Nilimpoteza binti mmoja kwa mikono hii na nikaona inampigia makofi wa pili. Kile kigoda nilichokipiga teke, nilikuwa najipiga mimi.

Kwa hiyo usidhani nakupa dawa. Ni mazoezi, na siku mbaya mazoezi yanakimbia. Siku hiyo unashindwa, na kesho yake unaandika kwa wino kwamba umeshindwa.

Jumatatu nilichukua fimbo niende kwa kaka nikalivunje lile neno. Nilifika hadi kwenye daraja la miti nikarudi. Nikaandika: "Nimeamua kwenda kukataa posa ya Adela." Nikauliza swali langu. Nani anapenda hapa? Nikakataa kujibu. Jumanne nikauliza tena. Jumatano nikaandika jibu, na sikulipenda: anayetaka ni baba wa Leokadia. Anataka kumkataza kaka leo kile alichoshindwa kumkataza siku ile, ili alale usingizi. Wewe humo hukuwemo kabisa. Nilikuwa naenda kuamua maisha yako mara ya pili katika wiki moja, na kukuuliza tena sikukuuliza.

Maana nikisema ukweli, huyo Filibati sina ubaya naye. Nimemwona akifundisha watu kupanda kahawa, ana subira, haoni haya kushika jembe. Inawezekana unampenda. Inawezekana lile ego lilikuwa la kwako kweli, na mimi ndiye mpumbavu. Sijui. Sikukuuliza kwa sababu ulisema "ningesemaje" nikapandwa na jazba.

Basi ukifika chuoni, ukishapata kitanda, chukua karatasi. Usianze na kumwandikia mtu. Andika kwanza kwa ajili yako, kwa wino, kwa nini umekubali. Sababu zote, hata za aibu. Kisha zisome, na kila sababu yenye jina la mtu mwingine ndani yake ipige mstari. Baba mkubwa amesema, piga mstari. Wazee watakuja, mstari. Baba aliniunga mkono kwa makofi, hiyo ipige mistari miwili. Ukimaliza tazama kilichobaki. Kama kimebaki kitu, ni chako, hata kikiwa kidogo, na mimi nitakiheshimu. Kama hakikubaki kitu, basi umeshajua. Kisha iache hiyo karatasi siku tatu, uisome tena ukiwa umeshiba.

Usichelewe kupita hapo. Wazee wao wanakuja mwezi ujao, na pombe ikishanywewa, kurudi nyuma ni aibu ya koo mbili, wala sitakuficha kwamba itakuwa vita. Kabla haijanywewa ni neno tu. Kwa hiyo jibu lako, liwe ndiyo au hapana, liandike wewe mwenyewe, kwa baba yako mkubwa, kwa jina lake. Si kwangu. Mimi usinipe nafasi ya kukusemea. Mpe utingo wa basi, atalifikisha.

Nawe unajua baba yako mkubwa hakwenda kisomo. Alisema ni mambo ya watoto. Barua zake zote ananiletea mimi. Atakuja nayo kwenye mfuko wa koti, atakaa kwenye kiti changu, atakohoa, atanipa, aseme, "Hebu soma." Nami nitasimama mbele yake niisome kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Ikiwa ni ndiyo, nitaisoma. Ikiwa ni hapana, atalisikia hilo hapana kutoka kinywani mwangu, kaka yangu mkubwa, mara ya kwanza tangu tuzaliwe.

Naogopa sana, mwanangu. Nimekwisha kujiona nikiruka mstari. Nimejiona nikisema karatasi imelowa, wino umefifia, sielewi ulichokusudia. Usinipe njia hiyo. Andika herufi kubwa, zilizoachana, hata mtoto aweze kuzisoma, ili nisije nikasingizia macho.

Baba yako,
Anatori